Debe la Wageni na Debe la Matanga

Kemunto mjukuu wangu,

Huku Nyacheki tu wazima, na shangazi yako amejifungua msichana. Lakini barua yako imenishtua! Ati sehemu mbili za programu yako ziliandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, habari zote zikaharibika? Yaani hata kompyuta haijui foleni? Unauliza sisi zamani tulifanyaje watu wawili walipotaka kutumia kitu kimoja.

Miaka ile ya uhuru mpya, watu wa babu yako walikuwa wanakuja kunichumbia. Kwenye mashine ya kusaga, Keroka, mama akamwaga debe la wimbi la wageni mdomoni mwa mashine. Wakati huo huo, upande wa pili, bila kuonana kwa vumbi la unga, jirani aliyefiwa akamwaga mahindi ya matanga. Ukatoka unga mmoja! Mama aliketi chini, mikono kichwani. Nani angewalisha wageni wa posa unga wa msiba?

Kuanzia hapo mwenye mashine aliufunika mdomo wa mashine kwa kifuniko cha bati. Aliyekabidhiwa kifuniko ndiye aliyemwaga, kisha akampa anayefuata. Wengine walipanga madebe kwenye benchi, wakapiga soga bila wasiwasi.

Wageni walikula ndizi, na babu yako akanioa hivyo hivyo. Lakini hadi leo, nikisikia mashine ile ikinguruma, mkono wangu hutafuta kifuniko.

Nyanya yako, Moraa