Mume Yuko Mombasa, Taa za Sebule Ziko Mkononi Mwake

Mpendwa Bi Asmaa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana mume wangu Gharib anarudi na mimi nimemwambia uongo. Yeye ni fundi umeme Mombasa, na baada ya Idi alituletea hapa Kipungani balbu za kubadili rangi kwa simu, akazifunga sebuleni na chumbani, nami nikajigamba kijiji kizima, nikawaita wanawake ninaosuka nao mikeka waje wasukie kwangu alasiri wazione, wakaja, wakavua mabuibui, tunasuka na kucheka, mara sebule nzima ikageuka rangi ya waridi na hakuna aliyegusa kitu, kumbe ni Gharib huko aliko, akinikumbuka hugeuza taa, ndiyo salamu yake, lakini Bi Sundus, mkubwa wetu, alijifunika kichwa upesi akasema, "Mumeo yuwatuona, nasi tu vitwa wazi," wote wakabeba ukili wao, ile mikanda ya kushonea mikeka, wakaondoka, na hii ni wiki ya tatu hakuna anayekuja, nasuka peke yangu, na mimi mwenyewe nimeingiwa na wasiwasi, nabadili nguo gizani, nakaa na mtandio nyumbani mwangu, hadi juzi nikazifungua balbu zote nikazificha ndani ya pipa la mchele, nikamwambia Gharib zimeungua, naye kwa unyonge akasema ataniletea nyingine, Bi Asmaa, nampenda mume wangu na wenzangu nawataka, nifanyeje?

Asiyetulia, Kipungani

Asiyetulia, pole, ingawa mengine umejitakia. Balbu haina macho, mwanangu. Inapokea amri tu kama ya swichi ya ukutani, ila swichi yako iko Mombasa. Ulitaka watu wakuonee fahari, wakakutilia shaka. Na mume anakutumia salamu, wewe unamjibu kwa uongo, hapo sikutetei.

Lakini Bi Sundus ana haki yake. Kwetu mwanamume, hata awe mwenye nyumba, akijua kuna wanawake wageni ndani hukohoa mlangoni, hupiga hodi, akangoja wajisitiri. Gharib hakumwona mtu, ila aliingia kwenye kikao chenu bila hodi. Wewe ulijua ana mazoea hayo, na hukuwaambia wageni wako.

Mpigie leo, usingoje Ijumaa. Mwambie balbu ni nzima, umuombe radhi, kisha umwambie, "Salamu zako nazitaka, lakini ziwe za chumbani." Sebuleni arudishe taa ya kawaida. Ya chumbani aiunganishe na simu yako pia, uweze kuizima ukitaka. Akinuna, mwache anune siku mbili, atazoea.

Halafu nenda kwa Bi Sundus kwa miguu yako, usimtume mtu. Muombe radhi, umwachie yeye aseme mtasukia wapi. Wakikataa kuja kwako, beba ukili wako ukasuke kwao. Wiki tatu umekaa unawangoja, na wewe hujaenda kwa hata mmoja.