Mvuke Unamfukuza Mama Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri,

Nisaidie mwenzangu, maana nimeomba kwa magoti mpaka goti moja likavimba na jibu sijaliona, nikasema labda Mungu ameamua kunijibu kwa kupitia gazeti. Mimi ni mama wa makamo, mpishi katika shule moja, ingawa shule yangu mwenyewe iliishia njiani, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Mama mkwe wangu, ambaye mimi namwita Mama tu kwa sababu wa kwangu alishatangulia mbele ya haki, alikuwa akiishi peke yake mpaka kifua kilipoanza kumbana, akawa analala ameketi, daktari akasema ni pumu, akae mahali pasipo na vumbi wala ukungu wa ukutani wala harufu kali. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la kuhamisha vyombo, akaniuliza kama tumlete kwetu, nikamwambia hilo nalo ni la kuuliza, huyu ndiye aliyenifundisha kumshika mtoto mchanga nilipokuwa naogopa hata shingo yake. Tukampa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, akaja na kijimeza chake cha mbao alichotengenezewa na marehemu baba mkwe, anakipaka nta mwenyewe mpaka unajiona uso, na kila asubuhi ananiambia "mwanangu, umeamkaje," na kweli nilikuwa naamka salama.

Basi siku moja mume wangu akarudi na mashine ya mvuke, ile ya kusafishia nyumba, mteja aliyekuwa anahama alimwachia kwa sababu imekosa nafasi kwenye lori. Ina tangi la maji, unaichomeka kwenye umeme, maji yanachemka humo humo, na mvuke unatokea kwenye mpira ambao mbele yake unafunga brashi au kitambaa. Kijitabu chake kimeandikwa kwa lugha kama saba hivi na yetu haimo, ila kina picha, nikazifuata hizo. Penye picha ya tangi pana chupa iliyopigwa mstari mwekundu, nikamwonyesha mume wangu nikamwambia, "Unaona, hawataki mlevi aishike," akacheka akasema, "Basi hapa imefika kwao," maana kwetu pombe haivuki kizingiti, na mimi moyoni nikawabariki walioitengeneza, nikasema hawa ni watu wanaomcha Mungu.

Nikaanza na chumba cha Mama, maana kilikuwa ndicho cha haja. Namtoa kwanza akakae sebuleni, nafunga dirisha na mlango ili mvuke usipotee bure, natia maji na kifuniko kimoja cha dawa ya sakafu, ile ya kijani, kwa sababu nyumba isiyonukia dawa mgeni atajuaje kama imeoshwa, napitisha haraka haraka sakafuni, ukutani, kwenye godoro, mpaka na kile kijimeza, halafu namrudisha kitandani kwake ajisikie raha. Akakohoa. Nikajua vumbi bado lipo, kesho yake nikarudia, akakohoa zaidi, nikaona basi hili ni vumbi sugu, nikafikisha vifuniko viwili, na kadiri alivyozidi kukohoa ndivyo nilivyozidi kusafisha, mikono ikanibabuka, nikasema ni kwa ajili ya Mama, si kitu.

Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mimi si kunguni," nikacheka, nilidhani ni utani wake. Kisha kijimeza kikatoka doa jeupe, kubwa kama sahani, Mama akalipapasa kwa kiganja. Tangu siku hiyo mshauri, haniiti tena mwanangu. Ananiita mwenye nyumba. "Mwenye nyumba, naomba maji." "Mwenye nyumba, umechelewa leo." Anasema kwa upole, na huo upole ndio unaonichoma.

Nikaenda kwenye mkutano wa maombi, nikalala huko, wifi yangu akaja kukaa naye, na mashine haikuguswa kwa sababu wifi hata ufagio unamtisha, yeye ni msusi, ana saluni yake. Niliporudi nikaambiwa Mama amelala usingizi wa mtoto, wala hakukohoa. Nikashukuru, nikasema kweli maombi yanafika mbali, nikafunga kilemba changu nikasafisha chumba ili nisiiharibu ile neema. Jioni ile ile akakohoa mpaka machozi.

Wifi akanifuata jikoni. "Wifi, mtu akimchoka mgeni si aseme tu?"

"Mimi nimchoke Mama?"

"Ukiondoka anapona, ukirudi anazidiwa. Hiyo hesabu hata kuku angeijua."

"Kwa hiyo mimi mchawi?"

"Sijasema mchawi. Nimesema ukirudi anazidiwa."

Sasa imeamuliwa kwamba mwisho wa mwezi Mama anahamia kwa wifi, ambaye chumba chake kinapakana mlango na saluni, na dawa za nywele za pale hata mimi mzima hunitoa kamasi. Mume wangu ameipandisha mashine juu ya kabati na kusema, "Chagua, hilo dude au mama yangu," kisha akaenda zake kazini kana kwamba ameniambia ninunue chumvi. Nikiacha kusafisha, naogopa vumbi litamwua, nikisafisha, ndiyo nimemfukuza. Begi lake liko nyuma ya mlango tayari, naliona kila ninapopeleka chai. Na kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu yeyote: huwa najiuliza, je, labda ni kweli moyo wangu umemchoka bila mwenyewe kujua, na mikono ndiyo inayotoa siri?

Ni mimi,
Mwenye nyumba asiyetaka kubaki na nyumba

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu mpishi,

Moyo wako uache upumzike, hauna kesi. Kesi iko kwenye kifuniko cha ile dawa ya kijani.

Ile chupa iliyopigwa mstari mwekundu si ya pombe. Watengenezaji hawakuwa wanahubiri. Walikuwa wanakuambia kwamba kwenye tangi hilo isiingie dawa, sabuni wala manukato, yaingie maji peke yake. Mumeo naye aliiona picha ile ile akacheka, kwa hiyo asijifanye hakimu. Na mkiona picha msiyoielewa siku nyingine, muulizeni mtu kabla ya kuichomeka mashine. Kuuliza hakumpunguzii mtu kimo.

Sasa nikukaripie kidogo, maana umelitaka. Daktari alisema harufu kali iwe mbali na mgonjwa. Wewe ukaichukua hiyo harufu kali, ukaichemsha ikawa hewa, ukafunga dirisha, kisha ukamlaza mwenye pumu katikati yake. Wewe si mpishi? Mtu akikaanga pilipili jikoni kwako milango ikiwa imefungwa, nani hakohoi? Utasema jiko limekuchoka? Wifi yako alijumlisha sawasawa, ila alisahau namba moja. Ulipokwenda kwenye maombi hukuondoka wewe tu, dawa nayo iliacha kuchemshwa.

Kitu cha kwanza, kabla ya ufagio na kabla ya mashine, mpeleke Mama kwa daktari wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Beba na chupa ya ile dawa, umweleze daktari waziwazi kwamba mgonjwa ameivuta ikiwa mvuke. Usione haya. Haya haitibu kifua. Na pumzi zikimbana ghafla usiwe na mjadala na mtu, nenda hospitali.

Mashine yenyewe haina ubaya, na kwa nyumba yenye mgonjwa wa kifua ni msaada, kwa sababu inang'oa uchafu bila dawa yoyote. Lakini tangi lako sasa lina mabaki. Ichomoe kwenye umeme, iache ipoe kabisa, kwa sababu ukifungua tangi la moto mvuke utakuruka usoni. Mwaga yaliyomo, suuza kwa maji matupu tena na tena, kisha itoe nje uani uiwashe, uuache mvuke upige hewani, huku umesimama upande upepo unakotokea. Ukisikia bado inanukia, suuza tena. Ikikataa kuacha harufu, isirudi ndani, mpe fundi. Vitambaa vyake vifue.

Namna ya kuitumia ndiyo hii, na unisikilize kwa makini maana ulikuwa unaikimbiza kama mtu anayewahi mvua. Pangusa kwanza, tena kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi lisiruke. Mvuke hauli vumbi, unaligeuza tope. Halafu pitisha polepole, brashi ikiwa karibu kabisa na pale unaposafisha, kwa sababu moto wa mvuke uko pale unapotokea tu. Ukifika mbali umeshapoa, unakuwa umelowesha tu. Kitambaa kikichafuka badilisha, usisambaze uchafu wa choo hadi sebuleni. Itumie kwenye vigae na mistari yake, sinki, bafu, choo, na mafuta yaliyoganda kwenye jiko ukiwa umelizima na limepoa. Isiende kwenye swichi na soketi za umeme, wala kwenye kioo kilicho baridi sana, wala ukuta uliopakwa rangi ya maji, maana itabanduka. Godoro nalo liache, litoe juani. Ulililowesha, unyevu ukaingia ndani, na dirisha limefungwa, basi ulikuwa unapanda ukungu kitandani mwa mtu aliyekatazwa ukungu.

Kwa hiyo dirisha wazi, mlango wazi, Mama awe nje, na asirudi chumbani mpaka pamekauka kabisa. Mara moja kwa wiki inatosha. Chumba hakijakukosea kitu hata uwe unakiadhibu kila siku.

Na mbao zenye nta usiziguse kabisa na mvuke. Lile doa jeupe ni unyevu ulioingia kwenye nta. Mwite seremala akitazame kijimeza, mara nyingi hulitoa, lakini usimwahidi Mama kwamba kitarudi kama zamani, kwa sababu hujui na mimi sijui. Mwambie tu kwamba umemwita seremala, na seremala akija, Mama awepo atoe maelekezo. Meza ni yake.

Nyumba yako haitanukia dawa tena, na itakusumbua. Utaona kama haijaoshwa. Vumilia. Mgeni anayetaka kunusa ndipo ajue pasafi, mpe kiti akae.

Tubaki na Mama. Usimtume mumeo akuombee radhi, wala usianze na wifi ili habari ifike kwa mzunguko. Nenda mwenyewe, leo, ukae chini karibu naye, useme: "Mama, nilikuwa natia dawa kwenye ile mashine, ndiyo iliyokuwa inakubana kifua. Sikujua. Na meza nimeiharibu mimi. Nisamehe." Ukimaliza hapo, nyamaza. Usimsimulie maombi yako, mikono yako ilivyobabuka wala goti lililovimba. Na usilie kwa nguvu mpaka mgonjwa aache kukohoa akubembeleze wewe.

Wifi yako mweleze baadaye, bila kumkumbusha maneno ya jikoni. Na suala la kuhamia saluni aulizwe daktari mbele yao wote, kwa sababu dawa ya nywele nayo ni harufu kali, na harufu kali haijui undugu. Kama baada ya hayo Mama bado anataka kwenda mahali pengine, asizuiwe kwa machozi. Ni mtu mzima. Lakini aondoke akijua kilichokuwa kinamkohoza ni nini, asiondoke akidhani ni wewe.

Halafu mwambie mumeo aishushe mashine kutoka juu ya kabati. Hakuna cha kuchagua. Ikiwa imepoa, haijachomekwa, iweke mbele ya Mama, mpe jagi la maji ya kawaida, umwombe atie tangini kwa mkono wake mwenyewe, aone na anuse kinachoingia. Iwe kazi yake kila wiki, kutia maji. Mtu mwenye kazi ndani ya nyumba si mgeni.

Akishamimina, mpeleke akae nje kwenye hewa. Usisimame mlangoni ukisubiri akuite mwanangu. Rudi ndani, fungua dirisha, anzia kona ya mbali, na uende polepole.