Kamba Niliyozungusha Kwenye Bomba Lako

Mpendwa mwanangu Zuhura,

Barua hii naiandika wazi, aisome yeyote, kwa sababu aibu niliyokutia ilikuwa mbele za watu. Wewe huwezi tena kuisoma. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Lakini waliokucheka wapo, na mimi niliyewaacha wakucheke nipo.

Nilikuita mama, kwa kuwa ulibeba jina la mama yangu na ulinitawala kama yeye. Ukiwa na miaka saba ulinifuata kwenye wando, ule uzio wa nguzo na fito ninaousimamisha kwenye mkono wa bahari ili maji yakipwa samaki wabaki ndani. Wenzako waliokota kaa. Wewe ulikumbatia nguzo maji yakipita, ukaniuliza, "Baba, mbona inatetemeka?"

Nikakujibu kwamba nguzo inayotetemeka ni nguzo inayoaga. Nikakuonyesha dawa niliyorithi kwa baba yangu: unachukua kamba nene ya makumbi, unaizungushia nguzo kwa mshazari kutoka chini hadi juu, ukiacha nafasi ya shibiri kati ya mzunguko na mzunguko. Nguzo hutulia. Kwa nini hutulia sikujua, wala sikuwahi kujiuliza. Kwetu fundi wa wando hupimwa kwa jinsi nguzo zake zinavyonyamaza.

Ukarudi kutoka chuo cha ufundi na jibu. Tulikuwa uani tunamenya mihogo aliyoileta mjomba wako kutoka Mitole. Ukashika muhogo mmoja ukaulaza hewani mbele ya macho yangu. "Maji yakipita kwenye kitu cha mviringo kama hiki, hujikunja nyuma yake, mara juu, mara chini. Yanakisukuma. Ukikiachia nafasi, kinacheza chenyewe." Kisha ukaongeza, "Wewe baba umemaliza umri wako unaua mtetemo. Mimi nitauvuna." Mama yako alicheka mpaka akapaliwa. Mimi niliona umenivunjia heshima kidogo, nikajifanya nachagua muhogo.

Lakini nguzo nilikusimamishia mimi, na wando wangu nikauacha siku sita. Nguzo nne, na katikati yake bomba la plastiki limelazwa kukingama na mkondo, limening'inizwa kwa springi ulizozifungua kwenye pikipiki mbovu. Bomba likipanda na kushuka, sumaku huko juu ilipita ndani ya mzingo wa waya wa shaba, na taa ikawaka. Hakuna pangaboi, hakuna mafuta. Ilipowaka mara ya kwanza ulinirukia shingoni na nguo zako zimelowa chapachapa. Ulitaka zahanati iliyo ng'ambo ya maji ipate mwanga, mkunga asizalishe tena huku kashika tochi kwa meno.

Wakaja wageni wa kuamua kama mradi wako utasaidiwa. Siku moja kabla yao, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, lilikuwa kali. Wewe ulikuwa umekwenda mjini Masoko kuwapokea. Nilisimama peke yangu nikaliona lile bomba linarukaruka kama mbuzi aliyefungwa, nguzo zangu zinalia. Nikaogopa. Nikajisemea, kesho zitang'oka mbele za watu na mwanangu ataumbuka. Maji yalipopungua nikaingia, nikalizungushia bomba lako kamba yangu bora kuliko zote, kwa mshazari, shibiri kwa shibiri. Nilidhani nalituliza kidogo tu. Ilikuwa kazi nzuri, Mungu anisamehe, na nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Kesho yake wageni walipofika, maji yalikuwa yameshalifunika bomba. Mkondo ulipita. Taa haikuwaka. Ulikaza nyaya, ukazilegeza, ukazikaza tena, karibu saa nzima. Mtu mmoja ufukweni akapaza sauti, "Fundi, umeme wako umelala!" Kicheko kikaenea. Nilikuwepo, na nilidhani waya umekatika. Wageni wakakushukuru kwa adabu, wakaondoka. Hukulia. Hukutaka hata kulitoa bomba majini. Haikupita wiki ukaenda Rutamba kufundisha sayansi, mahali pasipo na bahari.

Ulipokwisha kuondoka nilihitaji kamba. Sikuwa na wazo jingine, nilihitaji kamba yangu. Niliingia maji yakiwa yanajaa, yananifika kiunoni, nikaifungua kutoka mwisho hadi mwisho. Bomba likashtuka mikononi mwangu. Likapanda, likashuka, na taa ikawaka chini ya jua la saa sita, wa kuiona nikiwa mimi peke yangu. Nililia pale pale ndani ya maji.

Ningekupigia simu siku ile ile. Sikupiga. Uliponipigia wewe, "Shikamoo baba," nikakujibu, "Marahaba mama," nikakueleza habari za samaki, changu na tasi. Nikajipa muda hadi Idi, uje nikwambie uso kwa uso. Ukaja, umenawiri, unacheka na wadogo zako. Nilipoanza tu, ukanikatiza: "Baba, habari za bomba tuziache." Nikafurahi kunyamazishwa. Mzee mzima, nikafurahi! Baada ya hapo ikaja homa, siku tatu tu, na mimi nikashuka kaburini kukupokea.

Nilijidanganya kwamba ulishasahau. Wiki iliyopita walimu wenzako waliniletea vitu vyako. Kuna daftari. Nimesoma mpaka darasa la saba, hesabu zako siziwezi, ila bomba nalitambua. Umelichora kila ukurasa. Umepiga hesabu, umefuta, umeanza upya, na chini ya kila ukurasa umeandika maneno yale yale: "Sijaona nilipokosea." Ukurasa wa mwisho una tarehe ya siku mbili kabla hujaanza kuumwa.

Mwanangu, ulikuwa unatafuta kosa ambalo halikuwemo humo, na mtu aliyelijua alikuwa anakuuliza kama umekula.

Ijumaa nitasimama baada ya swala niwasomee barua hii waliokucheka. Chini ya ukurasa wako wa mwisho nimeshaandika, kwa mwandiko wangu mbaya: Hukukosea popote. Ni baba yako.

Allah akupe nuru huko uliko, nami anipe uso wa kukutazama siku tutakapoonana.

Baba yako