Kompyuta ya Kiganjani na Gauni la Bi Rehema

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Huku Kariakoo hatujambo. Goti la bibi yako linamsumbua, ila jana kaenda mwenyewe Feri kununua samaki.

Umeniuliza kwa nini vipimo vya wateja naandika kwenye daftari wakati simu ninayo. Zamani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, bidhaa za Dubai zilipojaa mtaani, nilinunua kompyuta ya kiganjani yenye kioo cha rangi. Ilikuwa nzuri: unaandika kwa kikalamu cha plastiki, na siku ya mteja ikifika inalia yenyewe. Ubaya wake, juani huoni kitu, na chaji ikiisha kabisa inapoteza kila ulichoandika.

Alhamisi moja mchana ililia, kioo kikaandika: "Bi Rehema, kujaribu gauni." Bi Rehema tulikuwa tumemzika Jumatatu. Kabla sijaizima, mwanamke akasimama mlangoni, umbo lile lile.

"Fundi, nimekuja kujaribu gauni la marehemu dada."

"Nani kakwambia ni leo?"

"Hakuna. Nilikuwa napita tu, nikajikuta naingia."

Gauni lilimkaa bila kuguswa hata uzi mmoja. Akaondoka amelivaa.

Nilitaka kulifuta lile jina, mkono ukagoma. Nikaacha chaji iishe, na vipimo vya wateja wote vikaenda nayo.

Tangu hapo naandika kwa kalamu. Mteja akifariki, nafungua ukurasa wake, namwombea dua, kisha nalikata jina mwenyewe.

Babu yako,
Fundi Seif