Chungu cha Magamba ya Mbuta

Jumamosi, Lodwar. Jua limetuchoma tangu saa mbili asubuhi, na upepo umeleta mchanga hadi ndani ya chai. Sijali. Leo hata huo mchanga ningeunywa.

Chungu changu kimelia!

Ngoja nianzie mwanzo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimechora samaki ubaoni, mwaka jana nikajiuliza, kwa nini nisiwafinyange? Mzee mzima na kitambi changu, nikaenda Kakuma kwa Mama Furaha, mfinyanzi kutoka Kongo, nikamwomba anifundishe.

Mama Furaha hahukumu kwa macho. Chungu kikitoka motoni anakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikisema tuk, kina ufa hata kama hauonekani, basi anakiponda, na unga wake anauchanganya kwenye udongo mpya ili usipasuke. Nimepeleka vyangu mara tatu, na mara tatu vyote vimepondwa. Mke wangu Nekesa anasema mimi si mwanafunzi wa Mama Furaha, mimi ni shamba lake la unga.

Kosa langu ni haraka. Upepo wa huku hukausha ngozi ya udongo tumbo likiwa bado bichi, na mimi nilikuwa naanika juani kama omena. Safari hii nilivifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, wiki tatu nzima, kwenye kona ya jiko la Nekesa: mamba, kobe, heroe, yule ndege wa shingo ndefu, na chungu kimoja cha maji nilichokigandamizia ngozi ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, kutoka Kalokol, ili magamba yaache alama. Paka wa mtaa walijaa ukutani kama wazazi siku ya kufunga shule.

Nekesa alinivumilia kwa ahadi moja: vyote vikifa tena, narudi kwenye chaki yangu, naye anarudishiwa jiko.

Jana jioni tulivichoma kwa makuti ya mikoma na mavi makavu ya mbuzi. Nikalala Kakuma, kama kule ni kulala. Asubuhi Mama Furaha akafukua jivu, akamwinua mamba.

"Mwalimu, hii ni nyama gani?" akauliza; kwao Kongo mnyama ni nyama.

"Ni mamba, mama."

"Mamba? Mbona inacheka?"

Akamgonga. Tuk.

Kobe, tuk. Shingo ya heroe ilibaki jivuni, hata hakugongwa.

Kikabaki chungu. Nilitazama pembeni kama mtoto anayedungwa sindano.

Ngiiii.

Akakigeuza, akagonga upande wa pili. Ngiiii. Akapitisha kidole juu ya magamba, polepole, kama anayechagua samaki sokoni.

"Hii itanywesha watu," akasema. Kisha akanipa jiwe. "Zile zingine ponda wewe mwenyewe."

Nikamponda mamba wangu huku bado anacheka. Hapo ndipo nilipokumbuka: udongo wa chungu hiki ulichanganywa na unga wa ngege wangu wa kwanza, wale samaki wa udongo waliopondwa, niliowalilia kimoyomoyo njia nzima ya kurudi. Kumbe walikuwa hawajaenda popote.

Nimekipakata hadi Lodwar kama mtoto mchanga. Mama mmoja Mturkana aliyeketi kando yangu garini aliyapapasa magamba, akaniuliza samaki huyu nimemvulia wapi.

Saa kumi nimekijaza maji. Sasa ni jioni, kinatoa jasho, na maji yamepoa kabisa. Nekesa, aliyeapa hatatia mdomoni kitu kilichovishwa samaki, amechota kikombe. Amekunywa chote.

Amerudi kuchota cha pili.

Basi jiko bado ni letu sote. Kesho nikitoka kanisani naanza na kambare. Ila kambare hana hata gamba moja, ni utelezi mtupu. Mwalimu mzima, utelezi nitaufinyangaje?