Yadi Tatu Tatu: Kumkumbuka Mwalimu Aron Sitonik

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ile Ijumaa ulipoanguka kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai ukiwa bado na kikapu mgongoni. Anayeandika haya ni binti yako Janeffer, kwa niaba yetu sote. Mama amesimama nyuma yake anasoma kila neno, na tayari ameshafuta mistari miwili. Anasema tusikusifu kupita kiasi kwa sababu wewe mwenyewe ungecheka.

Basi tuseme yale tunayoyajua. Ulikunywa chai ya rangi maisha yako yote, ukidai kwamba maziwa yanaficha kazi ya mkono wako. Uliimba kanisani kwa sauti kubwa na isiyo sawa, na hakuna aliyethubutu kukuambia. Wanafunzi waliokuja shule bila viatu walirudi kwao na viatu vyako, mpaka Mama akaanza kuvificha chini ya gunia la mahindi. Ulivitafuta huko pia.

Lakini wengi wa Sigowet watakukumbuka kwa mpira. Ulienda Marekani kijana, ukapelekwa na chuo kukimbia, na ukarudi na mpira wenye ncha mbili na kofia ngumu sita zilizokwaruzika. Watu waliuita raga ya kofia. Uliwaambia hiyo ni futiboli ya Kimarekani, wakakubali kwa heshima, kisha wakaendelea kuiita raga ya kofia.

Siku ya kwanza walikuja vijana kumi na wanne, wote wakimbiaji wa mita elfu kumi, kwa kuwa walisikia mwalimu anatafuta watu wa kukimbia. Ulimpa wa kwanza mpira. Akaondoka taratibu, mabega yamelegea, akaangushwa hapo hapo.

“Mbona unatembea?” ulimuuliza.

“Mwalimu, naweka nguvu ya raundi ya mwisho.”

“Raundi ya mwisho ya wapi? Hii mbio inaisha kabla hujapumua!”

Wa pili alikimbia kweli, ila alikimbia pembeni, akiwakwepa watu wote kwa adabu, akatoka uwanjani na kufika barabarani na mpira wako. Ulicheka mpaka ukaketi chini. Nchi nzima hii ya wakimbiaji, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kukimbilia palipo na watu.

Ndipo ukampata Steve, mtoto wa Wacera anayeuza viazi Kedowa, kijana mfupi mwenye mapaja mazito ambaye hakuwahi kushinda hata mbio za magunia. Mbele yake ukamweka Jackton, anayepakia majani kwenye lori la kiwanda, ambaye kusukuma ndiyo kazi yake ya kila siku. Ukawafundisha katikati ya mistari ya chai, kwenye vile vinjia vyembamba, ili Steve azoee kupita mahali ambapo mtu wa kawaida anaona hapapitiki. Jirani yetu Yunia alisimama kwenye ua akalia: “Mwalimu, hawa watu wako wanachuma majani yangu na mabega!” Kesho yake ulikwenda kumchumia mstari mzima kumlipa fidia.

Ulitueleza mchezo huo mara nyingi hata Mama, ambaye hakuupenda, anaweza kuueleza. Timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikifaulu, inapewa nne nyingine. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wenzao. Ikiufikisha kwenye mstari wa mwisho, inapata pointi sita. Wengine wote walitaka kuurusha mbali wamalize kazi mara moja, watu washangilie. Wewe ulitaka mpira ukabidhiwe mtu mkononi, aufumbate kifuani, aende nao yadi tatu, halafu tatu tena, halafu nne. Ulisema timu inayokimbia vizuri inakaa na mpira, na wale hodari wa upande wa pili wanaketi benchi wakipigwa na baridi. Ulisema saa inakwenda, wapinzani wanachoka kwa kusukumwa, na wakishajazana mbele kuzuia mkimbiaji, hapo sasa rusha, maana nyuma hakuna mtu. Na ulisema mvua ya Kericho haipendi mpira unaoruka. Tulishinda mechi nyingi hivyo, bila urembo, tukiwa tumejaa matope.

Sasa tufike kwa Kipkurui, Baba. Mwaka mzima hatujalisema hili ndani ya nyumba, na Mama ameruhusu liandikwe.

Mwanao alikuwa na mkono wa kurusha. Yeye ndiye aliyepokea mpira kwanza na kuamua, aurushe au ampe Steve. Alipenda kurusha, na mlibishana mezani kila jioni huku ugali ukipoa.

“Mzee, hii mchezo yako ni ya kitambo. Watu wanataka kuona mpira ikiruka.”

“Iruke tu. Utaona itaangukia nani.”

Kwenye fainali ya mwaka jana dhidi ya Nakuru tulikuwa nyuma kwa pointi nne. Zilibaki yadi mbili kufika mstarini, sekunde chache, na nafasi moja. Mvua ilikuwa imeanza. Ulisimama pembeni ukapiga ngumi kifuani mara mbili, ishara ambayo kila mtu aliijua: mpe Steve, apite nyuma ya Jackton. Kipkurui aliiona. Lakini aliona pia mwenzake yuko peke yake kwenye kona, akarusha. Mpira uliteleza mkononi, ukayumba, ukaangukia kifuani mwa mtu wa Nakuru.

Hukumgombeza. Heri ungemgombeza. Ulimpa koti lako, mkarudi nyumbani. Jumapili ukaimba kanisani, Jumatatu ukafundisha, na hukuutaja huo mpira hata mara moja. Kipkurui alizunguka nawe siku hizo akingoja useme. Ijumaa ukaanguka.

Daktari alitueleza kwamba moyo wako ulikuwa umechoka miaka mingi, na Mama alikiri kwamba alijua na kwamba ulimkataza kusema. Kipkurui alisikia, akaitikia, na hakuamini. Kichwani mwake hesabu ilikuwa moja tu: angempa Steve, tungeshinda. Tungeshinda, ungeishi.

Tangu tukuzike hakutulia. Alirekebisha ua ambao haukuwa umebomoka, akamaliza, akaanza upya upande wa pili. Alitembea kwa miguu mpaka Soin na kurudi, na alipoulizwa alikwenda kwa nani, hakuwa na mtu. Kwenye ibada alitoka katikati ya maombi. Alikula amesimama. Mama akimwekea kiti anasema, “Nakuja, Mama,” na haji. Dada zako walisema apelekwe akaombewe. Akaombewa, akasema asante, akaenda kuchimba mtaro.

Timu aliichukua yeye, na msimu mzima hakutaka kurusha. Unajua tunavyokujua: hata wewe ungerusha wakati mwingine, ungemfokea kutoka pembeni arushe. Yeye alimpa Steve, akampa Steve, akampa Steve, mpaka Steve akashindwa kulalia upande wa kushoto kwa maumivu. Lakini kazi yako ilisimama, Mwalimu. Jackton na wenzake walifungua njia, yadi tatu tatu zikawa nyingi, tukawachosha watu wa kila mahali. Tukafika fainali tena, hapa kwetu Sigowet, na walioletwa mbele yetu ni Nakuru.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, yaani jana. Uwanja ulijaa. Mama, ambaye hakuwahi kuja mechi hata moja ulipokuwa hai, alivaa gambuti zako akaja. Wacera alimletea mwavuli. Tulicheza vizuri. Kipindi cha mwisho tulishika mpira muda mrefu hivi kwamba watu wa Nakuru walikuwa wanashika magoti. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na tulikuwa tunakuja. Yadi tisa. Yadi sita. Yadi tatu. Jackton alikuwa akipumua kwa sauti tuliyoisikia kutoka pembeni. Zikabaki yadi mbili, na nafasi moja.

Wote waliokuwa kwenye fainali ya mwaka jana walijua wanaona nini. Mwenzake mmoja alikimbilia kona akainua mkono, yuko peke yake kabisa, na watu wengine wakaanza kupiga kelele, “Rusha! Rusha!” Tulimwona Kipkurui akimtazama. Kisha akageuka akauweka mpira tumboni mwa Steve, kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Steve akaingia nyuma ya Jackton. Walirundikana. Mwamuzi akawatoa mmoja mmoja, kama mtu anayepanga kuni, akafika chini, akautazama mpira na kuutazama mstari.

Haukufika. Ulipungua kwa kiasi cha ngumi moja.

Nakuru wakarukaruka. Steve akalala pale pale kwenye matope akificha uso. Kipkurui alivua kofia na kusimama tu, mikono imening'inia, na Mama akaingia uwanjani bila kuuliza mtu.

“Mama,” alimwambia, “nimefanya vile Mzee alitaka.”

“Nimeona.”

“Na tumeshindwa.”

“Hiyo pia nimeona.”

Kisha akauliza, kwa sauti ambayo hatujaisikia tangu akiwa mdogo: “Kwa hivyo hata ile siku ningempa Steve...”

“Ungempa Steve, pengine mngeshindwa hivi. Pengine mngeshinda, baba yako angekuja nyumbani akiimba na kunisumbua usiku wote. Na Ijumaa ingefika tu, Kipkurui. Ingefika tu.”

Kipkurui alikaa kwenye matope akalia kile kilio ambacho hakulia kaburini, mbele ya watu wote, na Mama akachuchumaa na gambuti zako akamshika kichwa. Jackton alikuja akasimama upande wa mvua inakotoka, ili isiwanyeshee. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baadaye alirudi nyumbani, akavuta kiti, akala ugali na mboga, akaomba mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, akaomba tena. Kisha akaingia kulala. Leo ni Jumapili mchana. Ng'ombe amekamuliwa na Janeffer, kanisani tumekwenda na kurudi, wageni wa kumbukumbu yako wameanza kuingia, na yeye hajaamka. Mama amekataza mtu kugonga mlango huo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Phelis, ambaye sasa anataka kujua msimu ujao unaanza lini. Binti yako Janeffer. Dada zako Chepkemboi na Molly. Yunia wa ng'ambo ya ua, ambaye mistari yake ya chai imepona. Wacera na Steve wa Kedowa. Jackton na watu wote wa mbele. Walimu wenzako na wanafunzi wanaotembea na viatu vyako. Na Kipkurui, mwanao.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba. Tunakuambia kwa sauti ya chini, tusimwamshe mtoto.