Walikuita Daktari Mapema

Kaka yangu Egesa,

Jana mama alinituma chumvi, na njiani mtu mmoja akanisimamisha kuniuliza kama aliyemaliza chuo ni mimi au ni wewe. Nikamwambia ni mimi. Akashangaa, "Lakini Daktari si ndiye alikuwa mbele yako?" Nikarudi nyumbani nimefura kwa hasira, na kwa kuwa sina wa kumtolea, nakutolea wewe. Utanivumilia, ulinizoea.

Nianze na shamba la pamba, maana huko ndiko ninakokukumbuka ukiwa mtu wa kawaida. Tulikuwa tunavuna mstari mmoja, mimi na wewe, na hesabu za sehemu zilikuwa zimenishinda kabisa. Ulichukua muhogo wa kuchemsha tuliobeba kwa chakula cha mchana, ukaukata vipande, ukaniuliza nusu ya robo ni nini. Nikanyamaza. Ukasema, "Nabwire, sema hujui. Ukisema hujui nitajua pa kuanzia." Nikasema sijui. Ukacheka, ukaanza. Na wewe ulipokosea, maana ulikuwa unakosea sana tu, ulipiga kelele "Nimeanguka!", ukafuta kwa mguu na kuandika upya kwenye udongo. Muhogo tuliumaliza kabla hesabu haijaisha.

Halafu ikaja habari kwamba umeitwa chuo kikuu. Kijiji chote cha Namboboto kilihamia kwetu. Baba alichinja jogoo yule mwekundu, na wakati wa kula, mbele ya wazee, akaichukua firigisi akaiweka kwenye sahani yako. Mimi na mama tulikuwa jikoni, kwa kuwa kuku kwetu si chakula cha wanawake. Sisi tulishiba harufu. Lakini nilichungulia mlangoni, nikauona uso wako. Firigisi ni ya mwenye boma, na wewe hata ndevu za kunyoa ulikuwa huna. Ulimtazama baba kana kwamba unamwomba akupunguzie mzigo, naye akatangaza kwa sauti iliyofika kwa jirani, "Kuanzia leo huyu ni Daktari." Ulikuwa unakwenda kusoma hesabu, lakini nani alijali?

Tangu siku ile hukushika jembe. Ulikula mezani peke yako, nasi tukaambiwa tusikuzoee. Nakumbuka jioni moja ulimwuliza baba jambo dogo tu, kwamba yule ndama aliyekuwa akiharisha angepewa dawa gani. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Daktari ananiuliza mimi? Sasa mimi nitamwuliza nani?" Wote waliokuwa pale wakacheka, nawe ukacheka pamoja nao. Sikukusikia ukiuliza kitu tena katika nyumba ile.

Yaliyokupata chuoni niliyajua baadaye, nilipoitwa mimi mwenyewe. Kwangu hakuchinjwa kitu. Baba alisema tungoje kwanza tuone. Nilipofika nilikutafuta nisikupate, nikampata Omuse, yule kijana wa Kiteso kutoka Angurai mliyelala naye chumba kimoja. Alininunulia chai, akanieleza polepole, kama mtu anayekutoa mwiba. Alisema tangu mwanzo ulijifungia na vitabu. Wenzako walikuwa wakikaa nje kwenye majani, wanabishana juu ya maswali na kuchekana makosa, nawe ukiitwa unasema una kazi. Mwalimu alitangaza kwamba mlango wake uko wazi kwa aliyekwama, na mlangoni pake hukuonekana. Maandishi ya darasani uliyanakili upya kwa mwandiko mzuri, ukayapigia mistari kwa wino mwekundu, kisha ukayanakili tena. Lakini kazi ya kupeleka kwa mwalimu uliianza siku ya mwisho kila mara.

"Kwa nini siku ya mwisho?" nikamwuliza.

Omuse alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Ndiyo akianguka aseme ni wakati haikutosha. Dada, Egesa si mjinga. Hiyo kichwa yake ilikuwa kali kushinda yangu. Lakini alikuwa anaogopa watu waone hajui, na hiyo woga ilikula masaa yake yote."

Ulianguka mitihani ya mwaka wa kwanza. Ulipewa nafasi ya kurudia, kama walivyopewa wengi. Omuse mwenyewe alirudia, akapita, akaendelea. Wewe siku ya mtihani hukutokea.

Mimi nami nilianguka mtihani wangu wa kwanza, ujue. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda kwa mwalimu na karatasi yangu iliyochafuka kwa masahihisho, nikamwambia sijui hata nilipopotea. Akanionyesha, na dunia haikupasuka. Kisha nikajiunga na wasichana wengine, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa hodari. Tulisoma kidogo kidogo kila siku, aliyeelewa akamweleza asiyeelewa, tukala, tukalala kama watu. Nyumbani niliandika kwamba nimeanguka. Mama alimwomba jirani amwandikie jibu: "Wamekufukuza?" Nikajibu hapana. Akaniletea jingine: "Basi soma." Kwisha. Hakuna aliyetarajia kitu kwangu, kaka, na hilo ndilo lililoniokoa. Inaniuma kuliandika, kwa sababu wewe ulikuwa na akili kuliko mimi na hakuna aliyekuruhusu uwe hivyo nilivyokuwa mimi, mwanafunzi tu.

Nawaza sana ile likizo baada ya kuanguka kwako. Ulirudi nyumbani, ukakaa kwenye kiti chako, ukaitwa Daktari asubuhi na jioni. Ulikonda, mama akasema ni vitabu. Likizo ilipoisha tulikusindikiza hadi Busia, sanduku lako baba amelifunga nyuma ya baiskeli. Uliingia kwenye basi la Nairobi, ukatupungia mkono dirishani, nasi tukapunga mpaka vumbi likaisha. Hatukujua kwamba utashuka Bumala, si mbali, na kurudi kwa miguu, upite njia za mashambani, uvuke mpaka kuingia Uganda. Watu wengine wakitaka kupotea huenda mbali. Wewe ulijificha mahali ambapo jogoo wetu akiwika kwa nguvu ungeweza kumsikia.

Hayo nimeyapata kwa Mama Zainabu, yule mwenye duka la sukari na mafuta ya taa pale Busia mjini. Unakumbuka alivyokuwa akitupa kashata tukitumwa kwake. Alikuwa na wateja pande zote mbili, naye ndiye aliyekuona ng'ambo ukibeba magunia ya kahawa. Ilikuwa ile miaka ya magendo, kahawa ya Uganda ikivushwa kwa njia za panya, na askari wa huko hawakuwa watu wa kuuliza maswali mara mbili. Nilimsihi akirudi akuambie uje nyumbani, kwamba mimi najua yote na nitakaa nawe mbele ya baba. Alikupata. Akaniletea jibu lako amesimama na mikono kiunoni.

"Anasema atakuja akimaliza. Sasa mwanangu, akimaliza nini? Kahawa?"

Nilimweleza baba siku hiyohiyo. Aliniambia nina wivu. Alisema mtoto wa kike akipewa kalamu anaanza kuwachafulia wenzake majina, na mwanawe yuko Nairobi ana kazi nyingi. Mama aliinuka akaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Nikarudi chuoni. Nilikuwa nikimchukia baba wakati ule, na nikikuchukia wewe pia, nikiwaza kwamba neno moja tu lingekutoa huko.

Vita vilipokwisha Uganda, watu wakaanza kuvuka mchana kweupe. Wengi waliokuwa wamepotea walirudi. Baba aliwatazama wakirudi kwa wenzake, siku moja akavaa koti lake la kanisani, akaniambia, "Twende." Hakusema wapi. Tulivuka, tukaanza kupita ghala moja hadi jingine. Kila mahali alivua kofia akauliza kwa adabu, "Namtafuta kijana wangu, Daktari Egesa. Ni mtu wa chuo kikuu, anavaa tai."

"Mtu kama huyo hapa hatuna, mzee."

Ghala baada ya ghala, jibu lilikuwa hilo. Watu walituonea huruma, wengine wakatucheka. Mwishowe sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Ni kuli. Mrefu, mweusi, ana kovu kwenye kidevu. Akibeba gunia anapiga mluzi."

Mwanamume mmoja alitua mzigo wake, akamgeukia baba kwa heshima. "Sebo, huyo si Mkenya? Tulikuwa tunamwita Mkenya. Mtu mpole sana." Akafuta mikono kwenye suruali, akatazama chini. "Askari walikuja na lori. Walichukua wote walikutwa na kahawa. Hao hakuna mtu alirudi, sebo."

Baba alisimama tu, kofia mkononi. Nilingoja aseme kwamba wamekosea mtu. Nilikuwa tayari kumpigia kelele kama angelitaja tena lile neno, Daktari. Akauliza, "Alikuwa analala wapi?"

"Hapa tu, juu ya magunia."

"Bila blanketi?"

Baba alitazama sakafu ya ghala, akaanza kumweleza yule mtu polepole, kama unavyomwelekeza mgeni njia. "Nyumbani kuna simba yake, ile nyumba niliyomjengea alipokuwa kijana. Iko. Kitanda kiko. Mama yake anaifagia kila asubuhi. Angekuja tu."

Egesa, hakuuliza mitihani. Alirudia maneno hayo njia nzima mpaka Namboboto, kwa kila aliyetusalimu, hata kwa wasiomwuliza kitu. Angekuja tu.

Lala, kaka, popote walipokulaza.

Dada yako mdogo,
Nabwire